Usiongeze, Usipunguze

Ukifika chuoni pale ukamuulizia mwalimu wa muziki, hawatakuelekeza darasani. Watakuelekeza kwenye stoo ya magodoro, nyuma ya bwalo, mlango wa bati wenye kofuli lisilofunga. Ukisikia mtu ndani anabembeleza, anakemea, anaimba, halafu anajisifu mwenyewe, usihangaike kubisha hodi. Ndiye huyo, na yuko kazini.

Jina lake tuliache. Wanafunzi wenyewe walishalisahau, wakambatiza Pumzi, kwa sababu jambo lolote ukimpelekea lilikwisha kwenye pumzi. Umekosa noti ya juu? Pumzi. Umechelewa kipindi? Hujui kupanga pumzi. Kuna kijana alimwendea na maumivu ya jino akaambiwa apumue kwa tumbo, na kijana anaapa mpaka leo kwamba jino lilinyamaza. Alikuwa mtu mfupi mwenye kifua cha mtu mrefu, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kusahau alichokasirikia, na akitembea vidole vyake vilikuwa vikipiga mapigo kwenye suruali. Muziki haukuwa mpango wake. Alikwenda kusomea hesabu, siku ya kwanza akaingia chumba kisicho chake, akakuta watu wanaimba, akaona haya kutoka. Hajatoka mpaka leo.

Sasa, kwa nini stoo? Chuo chenyewe ni cha ualimu, na kina watoto wa mama wawili. Wa kwanza ni wa darasani, vijana wanaolala bwenini, wanaogombania ndoo asubuhi na kumwona mwalimu kwa macho. Wa pili ni wa mbali. Hao ni watu wazima ambao tayari wanafundisha huko waliko, bila cheti, na hawawezi kuacha darasa wala familia wakaja kukaa chuoni. Wao husoma kwa vitabu vya moduli, kwa rekodi za masomo wanazotumiwa kwenye simu, na kwa mkufunzi wa kituo anayewakusanya Jumamosi katika darasa la kuazima. Mtihani ni uleule mmoja. Wa darasani wakienda likizo, wa mbali hupanda mabasi wakaja kwa wiki ya ana kwa ana, wakafanya majaribio ya maabara, wakalala kwenye vitanda vya wenzao, kisha wakatawanyika tena.

Wa darasani huja na magodoro yao. Magodoro ya chuo ni ya wa mbali, na mwaka karibu mzima hukaa stoo yakiwasubiri wenyewe, yamepangwa ukutani kuanzia sakafuni mpaka kwenye dari. Na hakuna chumba chuoni pale kilichokuwa kimya kuliko stoo hiyo. Kengele haiingii, jiko halisikiki, hata mvua ya juu ya bati inafika imechoka. Ndiyo maana wakaiteua kuwa chumba cha kurekodia. Ukiona sauti ya mwalimu kwenye simu ya mtu aliye mbali huko imetulia vizuri, ujue imetulizwa na godoro atakalolalia mwenyewe siku akija.

Pumzi ndiye pekee aliyefundisha muziki pande zote mbili. Asubuhi alikuwa ukumbini na wa darasani, mchana alikuwa stoo na wa mbali, maana yake yeye, kipaza sauti, na mama mmoja mpole wa mitambo aliyeitwa Fundi. Wakati wa wiki ya ana kwa ana, muziki haukupewa nafasi. Mkuu wa chuo alishasema kwamba muziki ni kitu cha kusikiliza, na rekodi zinasikilizika, kwa hiyo wiki iende kwenye hesabu na sayansi. Basi Pumzi akawa na wanafunzi wengi asiowahi kuwasikia hata wakipiga mluzi. Walifanya mtihani wao wa kuimba mbele ya mkufunzi wa kituo, alama zikaletwa, na yeye akaziona ni alama tu.

Jambo hilo lilimkera kuliko alivyokubali. Nyumbani mkewe, ambaye ni fundi cherehani na muda mwingi ana pini mdomoni, alikuwa na swali lake la kila jioni.

"Baba watoto, leo magodoro yamejibu nini?"

"Yamenyamaza."

"Basi yana adabu," mkewe angesema kwa meno yaliyobana pini, na mashine ingeendelea kuguruma.

Pumzi angecheka, lakini kicheko hicho kilikuwa cha mdomoni. Mtu akiimba ukumbini huona nyuso, anajua nani kaelewa na nani anawaza chakula. Stoo hakuna uso. Miaka yote hiyo, moyoni mwake, alihofia kwamba hakuna mtu upande wa pili, kwamba rekodi zake zinafika kwenye simu za watu na kulala humo bila kufunguliwa. Na kwa kuwa alihofia hivyo, alijitutumua kwa ukali. Kila rekodi aliianza kwa amri ileile: "Mnachokisikia ndicho mtakachokiimba. Usiongeze, usipunguze."

Mwaka huo alirekodi wimbo wa mahafali, alioutunga mwenyewe. Kwa bahati mbaya alichagua siku ambayo matroni wa mabweni alikuja na watu wake kuchukua magodoro ya wiki ya ana kwa ana. Fundi aliwaomba wasubiri kidogo. Matroni akasema atasubiri kidogo, na kidogo cha matroni kinajulikana. Pumzi alianza: amri yake ya kawaida, kisha mstari wa kwanza, "Tumetoka mbali, tumetoka karibu," kisha wa pili, "Mkononi chaki, kifuani kitabu." Hapo matroni akavuta godoro la kwanza.

Vumbi lililotoka mle lilikuwa na umri wake. Likampata Pumzi kooni. Akakohoa, kh-khm, mara mbili, akameza mate, akasema kwa sauti nzito ya mtu asiyetaka kuonekana ameshindwa, "Tunaendelea." Akaingia mstari wa tatu na kumaliza wimbo, huku ukuta ukiondoka nyuma yake.

"Mwalimu, umekohoa," Fundi alisema, akivua vyombo vya masikioni.

"Nimekohoa, ndiyo. Niwe nimekufa?"

"Turudie? Maana kukata na kuunga sitaweza leo, na rekodi inatakiwa vituoni."

Pumzi akageuka. Nyuma yake palibaki ukuta mtupu, na sauti yake ikamrudia kama ya mtu aliye kisimani. Hapakuwa na cha kurudia humo. "Hao ni watu wazima, mama," akasema. "Mtu mzima anakijua kikohozi akikisikia. Tuma."

Fundi akatuma.

Miezi ikapita, na kikao cha walimu cha kupanga mahafali kikafika. Mkuu wa chuo alikuwa mtu mnyoofu wa mgongo na wa maneno, anayependa vitu viwe mahali pake, na wa mbali mahali pao palikuwa bwaloni. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Wa darasani walipanda jukwaani mbele ya mgeni rasmi, ngoma zikapigwa, picha zikapigwa. Mgeni akishaondoka, wa mbali waliitwa bwaloni, wakapewa vyeti karibu na dirisha la jikoni, sufuria zikigongana. Watu waliofundisha mchana na kusoma usiku, wameacha watoto kwa jirani, wanavaa joho ili waitwe majina kwenye harufu ya masizi.

Siku hiyo Mkuu alikuwa anapita tu juu ya jambo hilo, kama kawaida. "Wa darasani wataimba wimbo wa mahafali. Wa mbali, bwaloni, kama ilivyo."

"Kwa nini wasiimbe wote?" Pumzi aliuliza. Aliuliza kwa upole, tumpe haki yake.

"Mwalimu, hawajawahi hata kusimama pamoja. Wataimba nini? Muziki wa kwenye simu?"

Hapo damu ikamchemka. Kumbe rekodi zake ni muziki wa kwenye simu. Pumzi alisimama, kiti kikaanguka, na kabla akili haijamfikia ulimi ulikuwa umeshamaliza kazi. Alisema wa mbali wanaimba sawasawa na wa darasani, noti kwa noti, pumzi kwa pumzi. Alisema aletewe mtu yeyote wa kituo chochote hata akiwa usingizini ataimba. Alisema yuko tayari kuwasimamisha wote mbele ya mgeni rasmi na kisionekane cha kuchagua. Walimu wenzake walimwangalia wakimwonea huruma.

Mkuu akafunga kalamu yake. "Vizuri. Watakuja siku moja kabla. Utawafanyisha mazoezi mchana, nami nitapita kusikiliza. Wakiimba na wenzao kama kwaya moja, watapanda jukwaani pamoja, mstari mmoja, na bwalo tutalifunga. Wakivuruga, wanabaki bwaloni, na mwalimu hutalileta tena jambo hili kikaoni."

"Nimekubali," Pumzi alisema. Alikuwa ameweka rehani joho la kila mtu wa mbali, na hajui kama kuna hata mmoja aliyewahi kufungua rekodi.

Walifika siku moja kabla, kama ilivyopangwa. Mabasi yaliwashusha getini na mabegi, na vyungu vya maua ya kumpa matroni, na mama mmoja na mtoto mgongoni. Kiongozi wao alikuwa mwalimu wa watoto wa awali, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita darasa zima kutoka ng'ambo ya uwanja, na wenzake walimwita Mama Kituo. Nyuma yake alikuwepo bwana mrefu aliyekuwa akifundisha wafungwa kusoma, mwenye sauti iliyotoka chini sana, nao walimwita Bwana Jela, jina alilolipokea bila kinyongo.

"Ndiwe wewe," Mama Kituo alimwambia Pumzi, akimwangalia kutoka juu hadi chini. "Kwenye simu wewe ni mrefu."

"Nimefupishwa na safari," Pumzi alijibu, akacheka peke yake.

Akawapanga ukumbini, wa darasani kushoto, wa mbali kulia. Wa darasani waliwatazama wageni kwa adabu ile ya kijana anayetazama viatu vya mjomba. Pumzi akainua mikono. Akasema moyoni, kama hawajui wimbo, nitaanguka hapahapa, nizimie, wafute mahafali. Akashusha mikono.

"Tumetoka mbali, tumetoka karibu."

Ukumbi mzima ukajaa. Walikuwa wanajua. Si kujua maneno tu. Walivuta pumzi pale alipoagiza ivutwe, wakaiachia pale alipoagiza iachiwe, kwa tumbo, mabega yametulia. Bwana Jela alitandika sauti chini na Mama Kituo akaipeleka juu bila kuisukuma. Pumzi alihisi kizunguzungu cha raha. Alitaka kucheka, kulia na kumpigia mkewe simu kwa wakati mmoja. Kumbe walikuwepo. Miaka yote ile, nyuma ya magodoro yale, walikuwepo.

"Mkononi chaki, kifuani kitabu."

Na hapo upande wote wa kulia, watu wazima wenye familia zao, wakakohoa. Kh-khm. Mara mbili, pamoja, bila mmoja kuwahi wala kuchelewa. Wakameza mate. Kisha wakasema kwa sauti nzito ya mtu asiyetaka kuonekana ameshindwa, "Tunaendelea."

Upande wa kushoto walikuwa wameshaingia mstari wa tatu. Walikwenda maneno mawili, wakasikia kikohozi, wakasambaratika. Msichana mmoja mrefu aliyeongoza sauti za wa darasani, waliyemwita Twiga, alikaa chini sakafuni akishika mbavu. Wa mbali waliendelea kuimba mpaka mwisho, kwa heshima zote, wakashangaa kwa nini wenzao hawakuusoma wimbo.

"Nani," Pumzi alisema taratibu, "nani amewaambia mkohoe?"

Wa mbali wakatazamana. "Wewe, Mwalimu," Mama Kituo alisema.

"Mimi?"

Mama Kituo akatoa simu, akaiinua juu. Ukumbi ukamsikia Pumzi akisema mnachokisikia ndicho mtakachokiimba, usiongeze, usipunguze. Wakamsikia akiimba. Wakamsikia akikohoa. Wakamsikia akisema tunaendelea, na kwa nyuma, mbali kidogo, sauti ya matroni ikisema jamani shika huko.

"Sauti ya matroni tuliiacha," Bwana Jela alieleza. "Tulijadiliana kwenye kundi letu la simu, tukaona hiyo si ya wimbo. Ila kikohozi kilikuwa kwenye mapigo kabisa."

"Na mkufunzi wa kituo chetu," mama mwenye mtoto mgongoni akaongeza, "asiyekohoa alikuwa anamkata alama. Mimi nilirudia mara mbili, Mwalimu, mara ya kwanza alisema kikohozi changu hakina msingi."

Pumzi akakaa kwenye ukingo wa jukwaa. Akafikiria vituo vyote vile vya Jumamosi, madarasa yote ya kuazima, watu wanapokezana kukohoa mbele ya mkufunzi mwenye kalamu nyekundu, na kicheko kikaanza kumpanda kutoka kwenye tumbo, palepale anapofundisha pumzi. Alicheka mpaka machozi. Wa darasani wakacheka kwa sababu yeye anacheka, na wa mbali, walipoelewa mwishowe, walicheka kuliko wote. Bwana Jela alicheka kwa sauti ya chini sana, viti vikatetemeka.

Kisha Pumzi akamkumbuka Mkuu, na kicheko kikakatika. "Haya. Tunakitoa. Haraka."

Nani atoe? Kitu umekifanya mwaka mzima jikoni, njiani, ukikagua madaftari, huwezi kukiacha kwa kuambiwa. Walijaribu. Mara ya kwanza nusu yao wakakohoa. Mara ya pili walijikaza kisabuni, wakabana pumzi macho yamewatoka, kukawa kimya cha kutisha, na katikati ya kimya kile sauti moja nyembamba ikasema, "Tunaendelea." Mara ya tatu mtoto wa mgongoni ndiye aliyekohoa, naye alikuwa ameusikia wimbo tangu tumboni.

Walipokuwa wanajaribu mara ya nne, Pumzi akaona wa darasani wameacha kucheka na wanaangalia mlangoni. Mkuu alikuwa amesimama pale, mikono nyuma. Haikujulikana ameanza kusikiliza lini.

"Mwalimu, hawa wana mafua?"

Pumzi akafungua mdomo. Ukweli ulikuwa karibu tu, ungetoka kwa sentensi moja, na kwa sentensi hiyo watu wote wa kulia wangerudi kwenye dirisha la jikoni. Akamwona Mama Kituo amefinya mkoba wake kwa mikono miwili.

"Hapana, Mkuu. Hayo ni mapambo ya wimbo."

"Mapambo."

"Ndiyo. Mtunzi ameweka pumziko la sauti kavu, kisha neno la kutamkwa. Ni mtindo." Mtunzi akameza mate.

Mkuu alitafakari. Muziki hakuujua, na mtu wa cheo asiyejua muziki huogopa sana neno mtindo. Akawaelekeza kidole wa darasani. "Sasa mbona hawa hawana mapambo? Nilisema kwaya moja. Mimi hapa nasikia wa mbali wana wimbo kamili na wa darasani wana pengo."

Pumzi alimwangalia Mkuu kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Umeliona, Mkuu," akasema. "Ndilo ninalotaka kulirekebisha."

"Lirekebishe. Kesho nisisikie pengo."

Alipotoka, Twiga alisimama na kujipangusa vumbi. "Mwalimu, yaani sisi tukohoe? Mbele ya wazazi wetu?"

"Mtakohoa, tena vizuri."

Walikohoa vibaya mno. Kikohozi cha wa darasani kilikuja kimoja kimoja, hiki kikiisha kile kinaanza, kama kuku wameona paka. Pumzi alieleza, akaonyesha, akafoka. Haikusaidia, kwa sababu yeye mwenyewe alikohoa mara moja tu katika maisha yake, kwa ajali, na hakujua alivyofanya. Waliojua ni wa mbali. Basi akafanya jambo ambalo hakuna kikao cha chuo kile kiliwahi kulifikiria: akawachanganya. Kila wa darasani akapewa wake wa mbali, wakasimama bega kwa bega, pembeni mwa ukumbi, kwenye ngazi, mpaka nje kwenye korido.

"Usikaze shingo, mwanangu," Mama Kituo alimwambia Twiga. "Kinatoka huku chini. Halafu kabla ya tunaendelea unameza mate, na umezaji usionekane."

"Mama, wewe ulijifunza wapi yote haya?"

"Jikoni kwangu. Simu juu ya kabati, mimi nasugua sufuria. Wanangu wote wanaujua. Mume wangu akikohoa usiku, yule mdogo anaitikia."

Jua lilipoinama, chuo kizima kilikuwa kinakohoa. Wapishi walitoka dirishani kutazama. Matroni alipita na magodoro kuelekea bwenini, akasimama, akasema atachemsha tangawizi, akashangaa kwa nini watu wanaanguka kwa kicheko.

Nyumbani mkewe alikuwa anamalizia pindo la majoho. Alimwona mumewe anaingia anacheza peke yake, akatoa pini mdomoni, jambo ambalo hufanya kwa misiba na harusi tu.

"Vipi, magodoro yamejibu?"

"Yamejibu, mama watoto," Pumzi alisema. "Yamekohoa."

Ikabidi akae chini amweleze, na mkewe alicheka mpaka sindano ikakosa pindo. Lakini alipotulia akamuuliza taratibu, "Na wakikosea kesho?"

"Wanaenda bwaloni. Kwa mdomo wangu."

Mkewe akarudisha pini. Usiku ule Pumzi hakupata usingizi wa maana.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mgeni rasmi alikaa katikati, Mkuu kando yake akiwa amenyooka kuliko kiti. Wahitimu waliingia wote pamoja, wamechanganyika, majoho yanafanana, na hata Pumzi mwenyewe hakuweza kutenganisha haraka nani ni nani, ila kwa nywele zenye mvi. Mlango wa bwalo, aliuona kupitia dirishani, ulikuwa wazi, na viti vimepangwa, endapo.

Akainua mikono. Akaishusha.

Walitoka mbali, walitoka karibu, sauti moja. Chaki mkononi, kitabu kifuani. Na hapo Pumzi akafumba macho.

Kh-khm.

Kilikuwa kikohozi kimoja cha ukumbi mzima, kizito, cha msingi, kimekaa kwenye mapigo. Hakuna aliyewahi. Mate yakamezwa bila kuonekana. "Tunaendelea," walisema wote, na mstari wa tatu ukaingia kwa nguvu iliyofanya watu wa nyuma wasimame. Pumzi alifumbua macho akamwona Mkuu. Mkuu alikuwa anakohoa. Alikuwa amechelewa kidogo, na amekunja ngumi mdomoni kwa ustaarabu, lakini alikuwa anakohoa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeelewa mtindo.

Mgeni rasmi aliposimama kuhutubia aliweka karatasi pembeni. Alisema amehudhuria mahafali mengi ambako watu husema wamefika, na leo ndiyo mara ya kwanza anasikia wahitimu wakisema wanaendelea. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mkuu akainama akamnong'oneza mhudumu, na Pumzi akaona, kupitia dirishani, mlango wa bwalo ukifungwa.

Basi wakapanga mstari mmoja wa kupanda jukwaani, kwa majina, wa darasani na wa mbali kama walivyoangukia. Pumzi alisimama chini ya ngazi akiwaweka sawa kofia. Zamu ya Mama Kituo ilipokaribia, alitoka kidogo kwenye mstari akamshika mkono.

"Mwalimu, nikuambie kitu, usinicheke. Sisi tulijua ni kikohozi."

"Mlijua?"

"Mtu mzima hajui kikohozi? Mkufunzi wetu ndiye hakujua, na yeye ana kalamu nyekundu. Lakini hata bila yeye nisingekiacha." Aliangalia joho lake, akalilainisha. "Unajua kule unasoma peke yako. Moduli haikuiti jina, swali ukiuliza jibu linakuja mwezi ujao. Kuna siku nilitaka kuacha. Halafu nasikiliza, nafika pale, unakohoa. Nikawa najisemea, aa, kumbe kuna mtu."

Pumzi alitaka kumjibu. Alikuwa na jibu, tena zuri, la mwalimu kwa mwanafunzi, lenye neno pumzi ndani yake. Lakini macho yalikuwa yameanza kumsaliti mbele za watu, kwa hiyo akageuza uso pembeni, akaweka ngumi mdomoni, akakohoa. Mara mbili.

Mstari mzima, kuanzia chini ya ngazi mpaka mlangoni, wa mbali na wa darasani, ukameza mate.

"Tunaendelea," ukasema, na Mama Kituo akapanda jukwaani.